Kikohozi si TB kila mara: Protini zinazoweza kusema saratani ya mapafu inaelekea wapi

KAMA umewahi kununua kipimo cha mimba kwenye duka la dawa, au kudungwa kidole katika zahanati mjini Lodwar ili upimwe malaria, basi tayari wewe ni mteja wa sayansi tunayoizungumzia leo. Kile kijiti cha mimba hutafuta protini iitwayo hCG kwenye mkojo. Kile cha malaria, aina inayotumika sana hapa nchini, hutafuta protini ya kimelea, HRP2, kwenye tone la damu. Mistari miwili, mambo yamejulikana.

Lakini kuna tofauti kati ya protini hizo mbili ambayo wengi hatuijui. HRP2 inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kumeza dawa na kupona. Kwa hivyo inakwambia malaria imekuwepo, basi. Haikwambii kama inapungua au inazidi. hCG ni hadithi nyingine. Mwanzoni mwa ujauzito hupanda karibu mara mbili kila baada ya siku mbili au tatu, na daktari akiipima leo na tena keshokutwa anaweza kujua kama mimba inaendelea vyema au kuna shida. Protini ya kwanza hujibu 'ipo au haipo?' Ya pili hujibu 'inaelekea wapi?'

Hilo swali la pili ndilo linalowakosesha usingizi watafiti wa saratani ya mapafu. Na linamhusu sana kijana aliyeko Nairobi au Eldoret, ambaye kila mwezi hutuma hela ya dawa ya kikohozi kwa mzazi aliyebaki Lodwar au Kakuma.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Hakuna saratani inayoua watu wengi duniani kushinda ya mapafu. Mwaka 2022 pekee, kulingana na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, iliua takriban watu milioni 1.8. Si eti haitibiki. Shida ni kwamba hugunduliwa ikiwa imechelewa. Data za kimataifa zinazotumiwa kupanga hatua za ugonjwa huu zinaonyesha kuwa mtu aliyegunduliwa na uvimbe usiozidi sentimita 1, ambao haujasambaa, ana nafasi ya takriban asilimia 92 ya kuwa hai miaka mitano baadaye. Uvimbe ukishatawanyika hadi kwenye mifupa, ini au ubongo, nafasi hiyo hushuka hadi asilimia 10 au chini ya hapo.

Kati ya ncha hizo mbili kuna fumbo. Wachukue watu 100 wenye uvimbe wa sentimita 3 hadi 4 ambao bado haujatoka kwenye pafu. Hiyo bado ni hatua ya kwanza. Miaka mitano baadaye, 68 hivi watakuwa hai. Wengine hawatakuwepo, na mara nyingi ni kwa sababu saratani ilirudi. Picha zao za CT zilifanana. Huenda hata daktari wao wa upasuaji alikuwa mmoja. Sasa utajuaje mapema ni nani atakayerudiwa na ugonjwa, ili apewe dawa zaidi, na ni nani amepona kabisa na hafai kuteswa na dawa asizozihitaji?

Hapo ndipo protini huingia. Seli ya saratani haina adabu. Hutengeneza protini ambazo seli ya kawaida ya umri huo haifai kutengeneza, au huzitengeneza kupita kiasi, na nyingine humwagika kwenye damu. Ya zamani zaidi katika hadithi hii ni CEA, iliyogunduliwa mjini Montreal, Canada, mwaka 1965. Kwa kawaida protini hii huwa nyingi kwa mtoto aliye tumboni, kisha hupungua sana baada ya kuzaliwa. Kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu, CEA ikiwa juu kabla ya upasuaji halafu ikakataa kushuka baadaye, madaktari huingiwa na wasiwasi: huenda kuna kitu kimebaki. Nyingine ni CYFRA 21-1, ambayo kwa kweli ni kipande tu cha protini inayoshikilia umbo la seli za ngozi ya ndani ya njia za hewa. Seli zikifa na kupasuka kwa wingi, vipande hivyo huelea kwenye damu, kama mbao za nyumba iliyobomoka zinavyoelea kwenye mafuriko ya Turkwel.

Kuna zile ambazo hazipimwi kwenye damu ila kwenye kipande cha uvimbe wenyewe, kilichokatwa na kuwekwa chini ya hadubini. Ki-67 huonekana tu kwenye seli zinazojigawa, kwa hivyo ikijaa kila mahali ujue uvimbe una haraka. PD-L1 nayo ni kama kitambulisho bandia. Seli ya saratani huivaa kwa nje, na askari wa kinga ya mwili wakiiona huiruhusu ipite. Zamani kujua kwamba mgonjwa ana PD-L1 nyingi hakukuwa na maana kubwa, maana ungejua halafu ufanye nini? Siku hizi kuna dawa za kuvua hicho kitambulisho. Oktoba 2021 Marekani iliidhinisha mojawapo, atezolizumab, kwa wagonjwa wa hatua ya pili na sehemu ya hatua ya tatu ambao wameshafanyiwa upasuaji na kupewa kemotherapi, iwapo uvimbe wao una PD-L1.

Na kuna EGFR, protini inayopokea amri ya 'kua'. Kwa baadhi ya wagonjwa, wengi wao wakiwa hawajawahi kuvuta sigara, jeni yake imeharibika na swichi imekwama ikiwa imewashwa. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2023 kuhusu dawa ya osimertinib ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa wa aina hii waliofanyiwa upasuaji mapema, asilimia 88 ya waliopewa dawa walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 78 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Watu kumi katika kila mia. Si mchezo.

Watafiti wengine wanajaribu kurudi nyuma zaidi, kabla hata uvimbe haujaonekana. Mwaka 2018 kundi la kimataifa lilichapisha kazi iliyounganisha protini nne: CEA, CYFRA 21-1, CA125 (ambayo wengi huijua kwa saratani ya ovari) na protini-mzazi ya ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kwenye mapafu visishikane. Walipima damu ya wavutaji sigara, na waliowahi kuvuta, iliyokuwa imehifadhiwa kabla hawajagunduliwa kuwa wagonjwa. Ukitumia historia ya sigara peke yake, unawanasa 43 kati ya kila 100 ambao wangegunduliwa na saratani katika mwaka uliofuata. Ukiongeza protini nne, unawanasa 63, bila kuwatia hofu ya bure watu wengi zaidi ya wale wa mwanzo.

Habari njema hiyo. Sasa uliza: damu hiyo ilikuwa ya nani? Mfumo ulijengwa kwa damu ya Wamarekani, kisha ukajaribiwa kwa damu ya watu wa Ulaya. Hakuna ubaya, kila utafiti lazima uanzie mahali. Ila tukiuchukua kipimo hicho na kukipandisha basi la kwenda Lodwar kinakutana na mambo ambayo waliokitengeneza hawakuhitaji kuyafikiria sana.

La kwanza ni TB. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikadiria kuwa kati ya kila watu wazima 100,000 nchini Kenya, 558 wana kifua kikuu. TB hula nyama ya mapafu, na mwili ukijeruhiwa namna hiyo nao humwaga protini. CA125 inajulikana vizuri kwa tabia ya kupanda kwa mgonjwa wa TB. CYFRA 21-1 pia inaweza kupanda. Kwa hivyo zile protini zinazopiga king'ora cha saratani Stockholm, huku zinaweza kuwa zinapiga king'ora cha ugonjwa mwingine kabisa, unaotibiwa kwa vidonge vya miezi sita.

La pili litamshangaza kijana wa mjini. Turkana kwa miongo mingi imejulikana kama mojawapo ya maeneo yenye ugonjwa mwingi zaidi wa haidatidi duniani. Huu huletwa na mnyoo mdogo wa mbwa; mayai yake yakimezwa na binadamu hugeuka kuwa vifuko vya maji ndani ya ini au mapafu. Amref iliendesha kampeni dhidi yake Turkana kuanzia miaka ya 1980, ikipima watu matumbo kwa ultrasaundi, kuwafanyia upasuaji na kuwapa mbwa dawa. Kwenye picha ya eksirei, kifuko cha haidatidi pafuni ni kivuli cha mviringo. Uvimbe wa saratani mara nyingi pia ni kivuli cha mviringo. Na hapa usithubutu kudunga sindano kiholela ili utoe kipande cha kupima, kwa sababu maji ya kifuko yakimwagika ndani ya mwili yanaweza kumletea mgonjwa mshtuko wa ghafla na kueneza ugonjwa.

La tatu ndilo linalonivutia zaidi, nalo ni jipya. Septemba 2025 jarida la Science lilichapisha matokeo ya mradi wa afya na jeni za Waturkana, uliowashirikisha watafiti wa Kenya, wakiwemo wa KEMRI, na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani. Walisoma jeni zote za watu 367 na kukuta maeneo manane yaliyobeba alama za kuzoea maisha ya ukame na mifugo. Lililojitokeza kwa nguvu zaidi lilikuwa na jeni ya STC1, ambayo husaidia figo kubana mkojo na kuhifadhi maji. Mabadiliko hayo yalianza kuenea miaka 5,000 hivi iliyopita, wakati eneo hili lilipoanza kukauka.

STC1 ni nini? Ni jeni inayotengeneza protini. Na protini hiyo hiyo, kwa jina refu staniokalsini-1, imekuwa ikichunguzwa na watafiti wa saratani, wakiwemo wa saratani ya mapafu, kama kiashiria cha uvimbe unaokuja juu. Usinielewe vibaya. Hii haimaanishi kwamba Mturkana ana saratani zaidi au kidogo kuliko Mluhya. Ninachosema ni hiki: ukitaka kutumia protini fulani kupima hatari, lazima kwanza ujue kiwango chake cha kawaida kwa watu unaowapima. Kwa watu ambao jeni yao ya protini hiyo imechongwa na jangwa kwa miaka elfu tano, huwezi kuazima 'kawaida' ya Boston. Ongeza kwamba CYFRA 21-1 na ProGRP, protini nyingine ya saratani ya mapafu, hupanda figo zikifanya kazi kwa shida, na utaona kwa nini jua la Lodwar lenyewe lingestahili kuingizwa kwenye hesabu.

Na Kakuma? Pale, tangu kambi ifunguliwe 1992, wamekusanyika watu wa Sudan Kusini, Somalia, Congo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, zaidi ya 200,000 ukihesabu na Kalobeyei. Sijui ni wapi pengine Kenya ungepata damu ya Afrika Mashariki yote katika barabara moja. Kwa mtaalamu wa viashiria huo ni utajiri, mradi watu waombwe ridhaa kwa lugha wanayoielewa, na wapate matokeo yao badala ya kuchukuliwa damu na kusahauliwa.

Lakini tusijidanganye. Leo hii mgonjwa wa Turkana hakwamishwi na ukosefu wa CYFRA 21-1. Hukwama mapema zaidi.

Tuseme kuna mzee wa miaka 58, mvuvi wa Kalokol. Amekohoa miezi miwili na amekonda. Anafika kituo cha afya, makohozi yanachukuliwa, mashine ya GeneXpert inatoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi. "Mzee, hatukuona TB," anaambiwa. Anapewa antibiotiki. Anarudi, bado anakohoa. Eksirei inaonyesha kivuli. Kwa kuwa GeneXpert nayo huwakosa baadhi ya wagonjwa wa TB, mhudumu anaamua kumwanzishia dawa za TB hata hivyo. Uamuzi huo si wa kijinga. Mahali penye TB nyingi, mara nyingi ni sahihi. Tatizo ni pale mwezi wa pili unapofika, mzee hajapata nafuu, na hakuna anayeuliza tena.

Piga hesabu. Kama uvimbe unaongezeka maradufu kwa ujazo kila miezi minne, na mzee amalize dawa za miezi sita ndipo aambiwe asubiri miwili zaidi, uvimbe umekuwa mara nne. Aliyekuwa mtu wa upasuaji sasa ni mtu wa kupunguziwa maumivu.

Ndiyo maana mpango wa saratani ya mapafu ulioendeshwa Eldoret, chini ya AMPATH na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ulianzia kwenye kliniki za TB. Wahudumu walifunzwa kumtazama upya mtu anayekohoa ambaye vipimo vya TB vimekana. Kwangu mimi, hicho ndicho kiashiria cha kwanza cha saratani ya mapafu katika eneo kama Turkana, na hakihitaji maabara mpya: kipimo cha TB kilichosema hapana, na kikohozi kilichosema bado nipo.

Kutoka hapo safari ni ndefu, kihalisi. Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi. Lodwar hadi Eldoret, kupitia Kitale, ni zaidi ya 300 nyingine. Mkimbizi huhitaji pia kibali cha kutoka kambini. Kipande cha uvimbe kikishatolewa lazima kihifadhiwe vizuri, kisomwe na mwanapatholojia, halafu kipakwe rangi za kuonyesha PD-L1 na wenzake. Bima ya SHA ilipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilikuwa Sh550,000 kwa familia kwa mwaka, hela ambazo picha na kemotherapi huzimaliza haraka kabla hujataja zile dawa mpya nilizozisifu hapo juu.

Wewe mwenye mzazi anayekohoa huko nyumbani, kuna unachoweza kufanya kwa simu tu. Uliza amepimwa kwa GeneXpert au kwa kuangaliwa tu. Uliza jibu lilikuwa nini, si alipewa dawa gani. Kama ameanza dawa za TB na miezi miwili imepita bila nafuu, au anakohoa damu, au sauti imekauka na haijarudi, au amekonda bila sababu, mwambie arudi na aombe rufaa. Usizuiwe na "lakini baba hajawahi kuvuta sigara." Sigara ndiyo sababu kubwa, kweli, lakini moshi wa kuni ndani ya nyumba IARC imeuorodhesha miongoni mwa vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na moshi wa dizeli umo kwenye orodha ya vinavyosababisha bila shaka. Mama aliyepikia mkaa wa mathenge ndani ya chumba cha mabati kwa miaka ishirini naye ana mapafu.

Kisha kuna ile picha ya eksirei ya zamani. Karibu kila familia inayo, imekunjwa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro au imechomekwa kwenye paa. Usiitupe. Daktari akiiweka kando ya picha mpya anaona kwa macho kile ambacho maabara za Ulaya zinakitafuta kwenye damu: kivuli kimekua au kimekaa vilevile? Kivuli kigumu ambacho hakijabadilika kwa miaka miwili kwa kawaida si saratani. Kilichoongezeka kinahitaji picha ya CT, na haraka. Mwambie ndugu yako aipige picha kwa simu dhidi ya mwanga wa dirisha, tarehe ionekane, akutumie kwa WhatsApp. Halafu ile yenyewe aende nayo hospitalini.